Hifadhidata za ukarabati wa sanaa: kumbukumbu inayobaki kifaa kinapoangamia

Usiku wa 16 Machi 2010, moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, jengo kuu la makaburi ya Kasubi jijini Kampala, walimozikwa makabaka wanne wa Buganda. Takriban mwaka mmoja kabla ya hapo, shirika la CyArk la Marekani lilikuwa limelipima jengo hilo kwa miale ya leza. Paa la nyasi likawa majivu, lakini vipimo vilisalia, kwa kuwa vilitunzwa mbali na Kasubi. Baada ya ujenzi wa miaka mingi, Septemba 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Mkasa huo unabainisha umuhimu wa hifadhidata za uhifadhi wa sanaa, yaani programu za kompyuta zinazotunza historia ya kila kifaa na matengenezo yake, mithili ya faili la mgonjwa hospitalini.

Zinavyofanya kazi

Kila kifaa hupewa namba yake pekee, na namba hiyo huunganisha majedwali kadhaa. La kwanza hueleza asili ya kifaa na malighafi yake. La pili, hali yake kila kilipokaguliwa. La tatu, kila kazi iliyofanywa: tarehe, jina la fundi, gundi au dawa iliyotumika, na picha za kabla na baada. Mtunzaji akitaka kujua ni vifaa vipi vilivyopakwa dawa fulani, hupata jibu mara moja, bila kupekua madaftari.

Ngoma ni mfano mzuri, nazo ni miongoni mwa vifaa vinavyotunzwa katika Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908. Fundi akiwamba ngozi mpya bila kuandika, mtafiti wa kesho ataidhania kuwa ya kale.

Suala la afya

Zamani makumbusho mengi ya Ulaya yalipaka vifaa arseniki, sumu ya kuua wadudu. Jambo hilo lina uzito zaidi vifaa vinaporejeshwa: Juni 2024, vifaa 39 viliwasili Kampala kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza. Kifaa chochote kinachorudi kwa wenyewe, ambao huenda wakakishika tena katika ibada, chapaswa kuandamana na maelezo kamili ya dawa kilizowahi kupakwa.

Gharama na siri

Programu si lazima iwe ghali. Arches, iliyobuniwa na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty pamoja na World Monuments Fund, hutolewa bure. Gharama kubwa imo katika kuingiza taarifa, umeme wa uhakika na kutunza nakala za akiba. Nakala iliyowekwa chumba kimoja na kifaa huungua pamoja nacho.

Aidha, si kila taarifa yafaa kuonwa na kila mtu. Huko Kasubi, nyuma ya pazia la magome ya mti, pana sehemu takatifu isiyoingiwa na wageni, na kazi ya kuezeka ni jukumu la ukoo wa Ngeye. Hivyo hifadhidata nzuri huweka viwango vya ruhusa, na wenye urithi ndio wanaopaswa kuamua kipi kiandikwe, na kipi kiendelee kurithishwa kwa mdomo na kwa mkono.