Ziada ya virutubishi: istilahi na tiba yake kitaluni

Katika vitalu vya miche vya Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, neno "kuungua" limebebeshwa mzigo mzito. Jua la Julai likikausha majani, mche umeungua. Maji yakikosekana siku kadhaa, umeungua. Ugonjwa wa madoa ukila kingo za jani, umeungua. Na mwenye kitalu akitia mbolea ya urea kwa nia njema, kisha baada ya siku chache ncha za majani zikageuka kahawia, jibu ni lilelile: miche imeungua.

Kwa mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya. Taabu huanza pale mtu anapotafuta tiba. Aliyeunguzwa na jua hutafutiwa kivuli, mwenye kiu hupewa maji, mgonjwa hupigiwa dawa. Zaidi ya hayo, mche uliopungukiwa potasiamu nao hukauka kingo za majani ya chini, kwa sura inayokaribiana sana na ile ya mche ulioshiba kupita kiasi. Mwenye kitalu akidhani ni njaa ataongeza mbolea, na kwa mkono wake mwenyewe atamalizia miche iliyobaki. Ndiyo maana wataalamu wa udongo wakaona haja ya istilahi inayotaja chanzo badala ya dalili. Kwa Kiswahili tunasema ziada ya virutubishi: hali ya mmea kuzungukwa na chakula kingi kuliko mizizi yake inavyoweza kustahimili.

Tuanze na neno la pili. Shina lake ni "rutuba", tulilolitoa katika Kiarabu, na huko asili yake ni unyevu, hali ya kitu kilicholowa. Lilipoingia katika Kiswahili likahamia kwenye udongo unaozalisha, na maana ya maji ikafifia. Kutoka hapo tukapata kitenzi "kurutubisha", na kutoka kwenye kitenzi hicho majina mawili yanayogombana hadi leo: virutubisho na virutubishi. Maafisa ugani wengi husema virutubisho; wataalamu wa lishe ya binadamu wamezoea virutubishi. Sarufi inaweza kuamua ugomvi huu. Kiishio -i humtaja mtendaji, kama katika kiambukizi, chenye kuambukiza. Kiishio -o hutaja kifaa au njia ya kutendea, kama katika kizibo na kifuniko. Kwa hiyo naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu na wenzao, ambavyo ndivyo vinavyojenga mmea, vifae kuitwa virutubishi. Mbolea iliyomo mfukoni, ambayo ni chombo cha kuvifikisha, ndiyo kirutubisho. Mtu anaweza kutia kirutubisho kimoja akazidisha virutubishi vitatu. Mbolea ya NPK, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa pamoja, hufanya hivyo kila siku.

Neno "ziada" nalo lina maelezo yake. Kwa muda mrefu elimu ya mimea ilishughulika na upungufu tu. Mwaka 1840 mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alichapisha kitabu kilichoieneza kote fikra kwamba ukuaji wa mmea huzuiwa na kirutubishi kilicho haba kuliko vyote. Mwaka 1913 mwanaekolojia Mmarekani Victor Shelford akaongeza upande wa pili: kilichozidi nacho huzuia, kama kilichopungua. Kila kiumbe kina kiwango cha chini na cha juu, na uhai wake uko katikati.

Baadhi ya waandishi huiita hali hii "sumu ya virutubishi". Istilahi hiyo tuiweke akiba. Inafaa pale kirutubishi chenyewe kinapodhuru seli, kama boroni au manganizi inapozidi. Kitaluni mambo huwa mengine. Mbolea nyingi za dukani ni chumvi kwa maana ya kikemia, na zikiyeyuka kwa wingi katika maji ya udongo huyafanya maji hayo yawe mazito kuliko maji yaliyomo ndani ya mzizi. Kwa kanuni ya osmosisi, maji hutoka penye wepesi kwenda penye uzito. Mzizi hushindwa kunywa, na hali ikizidi, hunyang'anywa hata maji uliyokuwa nayo. Mche unakufa kwa kiu ilhali umesimama katika tope.

Hapo ndipo penye kipimo rahisi kuliko vyote. Mche ukinyauka, usiangalie jani kwanza. Chukua udongo wa kiriba, yaani kimfuko cha plastiki kinachobeba mche, uufinye. Ukiwa mkavu, dai la kiu ni la kweli. Ukiwa umelowa, na bado majani yamelegea asubuhi kabla ya jua kupanda, shuku mbolea. Tazama juu ya udongo: utando mweupe unaokauka kama unga ni chumvi iliyopanda na maji na kubaki maji yalipopaa. Pasua kiriba kimoja cha kafara. Ncha za mizizi hai ni nyeupe na zimejaa. Zilizoathirika ni za kahawia, laini, na huvunjika zikiguswa. Majani nayo yatakuwa ya kijani kilichokolea mno, ncha zimejikunja kuelekea chini, na ukavu umeanzia kwenye kingo ukiingia ndani.

Kwa nini kiriba kidhurike upesi kuliko shamba? Hesabu itatujibu. Mkulima anayetia mfuko mmoja wa kilo 50 katika ekari moja ametandaza gramu 12 hivi kwa kila mita ya mraba. Kizibo kimoja cha soda, kipimo tulichokizoea kwenye mashimo ya mahindi, huchukua kama gramu 5. Gramu hizo ukizimimina katika kiriba chenye upana wa sentimita 10, umetia kwa kiwango cha gramu zaidi ya 600 kwa mita ya mraba, yaani takriban mara 50 ya ile ya shambani. Tena mzizi wa shambani ukikutana na ukali huweza kukata kona ukatafuta udongo mwingine. Mzizi wa kiriba ukikimbia hukutana na plastiki.

Mbolea zenyewe hazilingani kwa ukali. Mwaka 1943 watafiti wa Marekani walitengeneza kielezo cha chumvi, wakaipa naitreti ya sodiamu alama 100 ili nyingine zilinganishwe nayo. Kloridi ya potasiamu hupata kama 116, urea kama 75, na DAP huwa chini ya nusu ya urea. Lakini urea, ambayo asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni, ina hila ya pili: ikioza udongoni hutoa amonia, na amonia huunguza mzizi kikwelikweli. Samadi mbichi ya kuku hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo anayesema "mimi natumia mbolea ya asili tu" hajasalimika, hasa kama hakuiacha iive kabla ya kuichanganya na udongo.

Suala hili limepata uzito zaidi Kagera katika miaka ya karibuni. Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Agosti 2022 imezisogeza mbolea za viwandani karibu na wakulima ambao wazazi wao walitegemea samadi ya ng'ombe na matandazo ya migomba. Wakati huohuo mahitaji ya miche ni makubwa: kahawa, parachichi, na miti ya kurudisha vilima vya Benaco wilayani Ngara, vilivyopoteza misitu yake kwa kuni tangu wakimbizi wa Rwanda walipofurika kupitia mpaka wa Rusumo mwaka 1994.

Tiba ya ziada inahitaji istilahi yake, na hapa Kiswahili kina maneno mawili ambayo si vema kuyachanganya. La kwanza ni "kuchujuka". Mvua za masika zinaponyesha kwenye miteremko ya Ngara, maji huzama na naitreti hadi mizizi isikofika. Hilo hutokea lenyewe, ni hasara kwa mkulima, na kauli ya kutendeka inalifaa. La pili ni "kusuuza". Hapa mtu ndiye anayetenda, kwa makusudi, ili kuondoa kilichozidi. Kila anayefua nguo anajua kwamba sabuni haitoki kwa maji ya kunyunyiza: inataka maji mengi yanayopita na kwenda zake. Neno limeshabeba maelekezo yote.

Kusuuza kiriba hufanyika hivi. Kwanza bandua utando mweupe wa juu na punje za mbolea zinazoonekana, utupe nje ya kitalu. Hakikisha matundu ya chini yamefunguka. Kisha mimina maji safi, polepole, kwa ujazo mara mbili au tatu wa kiriba chenyewe: kiriba cha lita moja hutaka lita mbili hadi tatu. Gawa kwa awamu, ukingoja maji yashuke kabla ya kumimina tena. Usiweke viriba kwenye beseni, maana vitanywa tena kilekile vilichotoa. Vipange juu ya mawe au matete. Ukivisogeza kando ya migomba, maji yanayotiririka yatailisha bila kwenda mtoni. Baada ya hapo weka miche kivulini, acha udongo upumue, na usitie mbolea yoyote mpaka jani jipya litoke likiwa zima. Majani yaliyokwisha kukauka hayatarudi; yasikuhangaishe.

Kusuuza kuna mpaka wake. Naitreti hutoka kirahisi, potasiamu hutoka kwa kusitasita, ila fosforasi hung'ang'ania, hasa katika udongo mwekundu wenye chuma kingi. Aliyezidisha DAP ataondoa naitrojeni yake kwa maji na kuibakiza fosforasi, ambayo itaendelea kuzuia zinki na chuma visiufikie mche. Huyo na abadilishe udongo: atoe mche, apukute taratibu, auhamishie kwenye mchanganyiko mpya wenye udongo wa juu mwingi, mchanga kiasi na samadi iliyoiva. Na kama samadi mbichi ndiyo chanzo, asipoteze maji, kwa sababu itaendelea kutoa amonia kila siku.

Kwa wanaopanda hoho, nyanya au maua kwenye ndoo na makopo, ziada huja na sura nyingine. Mmea uliofikia kuchanua ukizidishiwa naitrojeni hauungui mara moja, hunenepa. Majani yanakuwa mapana, mashina laini, na maua yanachelewa au kupukutika. Hapo tiba ni kusuuza mara moja na kupunguza kipimo, kwa kuwa mmea wa wakati huo unahitaji potasiamu zaidi kuliko naitrojeni.

Basi maneno matatu yagawane kazi. "Kuungua" libaki kuwa jina la dalili, kwa kuwa ndilo la kwanza kumtoka mtu. "Ziada ya virutubishi" liwe jina la chanzo, liandikwe kwenye vipeperushi vya ugani na kwenye mifuko ya mbolea. "Kusuuza" liwe jina la tiba. Na afisa ugani anayepigiwa simu kwamba miche imeungua aulize kwanza swali moja kabla ya kutaja dawa: udongo wake ni mkavu, au umelowa?