Serikali haina dini, wananchi wana dini: Mpaka umewekwa wapi?

KWA mkazi wa Songambele, kata iliyo katika Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, dini na dola ni vitu viwili ambavyo Katiba imevitenga, lakini maisha ya kila siku yamevikutanisha. Kabla Kyerwa haijamegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, hospitali teule ya wilaya nzima ilikuwa Nyakahanga, mali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Majengo yalikuwa ya Kanisa, mishahara ya watumishi ilichangiwa na Hazina, na wagonjwa walikuwa wa imani zote.

Utaratibu huo si wa Kagera peke yake. Ndio unaoonyesha ugumu wa kauli inayorudiwa katika majukwaa ya siasa tangu enzi za Mwalimu Julius Nyerere, kwamba Serikali haina dini, ila wananchi wake wanazo. Kauli hiyo inakubaliwa na karibu kila mtu. Kinachobishaniwa ni maana yake.

Katiba inasemaje

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inagusa suala hili katika ibara tatu. Ibara ya 3 inaitaja nchi kuwa ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini. Maneno hayo ya mwisho yaliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 2005; kabla ya hapo msimamo huo ulifuatwa bila kuandikwa waziwazi katika ibara hiyo.

Ibara ya 19, iliyomo katika Haki za Binadamu zilizoingizwa mwaka 1984, inampa kila mtu uhuru wa imani, ikiwa ni pamoja na uhuru wa kubadili dini. Inaongeza kuwa uendeshaji wa jumuiya za dini utakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 inakataza kusajiliwa kwa chama cha siasa chenye lengo la kuendeleza maslahi ya dini fulani, sharti ambalo limo pia katika Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992.

Tahadhari hiyo inaonekana hata katika takwimu. Sensa ya mwisho kumuuliza mwananchi dini yake ilikuwa ya mwaka 1967. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu vilitaka swali hilo lirejeshwe na kuwahimiza waumini wao kususia sensa, lakini Serikali ilikataa.

Hata hivyo, Tanzania si nchi iliyofukuza dini katika shughuli za umma. Wimbo wa Taifa unamwomba Mungu, na Rais anapoapishwa hushika Biblia au Kurani kwa kadiri ya imani yake. Tangu mwaka 1985 Ikulu imepokewa kwa zamu: Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu, Benjamin Mkapa, Mkristo, Jakaya Kikwete, Mwislamu, John Magufuli, Mkristo, na Samia Suluhu Hassan, Mwislamu, aliyeshika madaraka Machi 2021 kufuatia kifo cha mtangulizi wake. Hakuna sheria inayoamuru zamu hiyo.

Shule, hospitali na mkataba wa 1992

Wakati wa ukoloni shule na hospitali nyingi zilijengwa na misheni, na Kagera ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyofaidika mapema. Ni mkoa uliomtoa Laurean Rugambwa, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa Kardinali mwaka 1960. Waislamu, ambao hawakuwa na mtandao wa shule wa kiwango hicho, walibaki nyuma katika elimu ya kisasa.

Serikali ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kutaifisha shule, hatua iliyotekelezwa baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo, Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku, na mahali pake likaundwa Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA). Wako Waislamu ambao hadi leo wanaliona baraza hilo kuwa lilizaliwa kwa mkono wa dola.

Mwaka 1992, uchumi ukiwa umedhoofika, Serikali ilitia saini hati ya makubaliano na makanisa kupitia Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC) na Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) kuhusu huduma za afya na elimu. Wakosoaji, wengi wao Waislamu, wanahoji ni vipi Serikali isiyo na dini ifunge mkataba na upande mmoja na kuupa ruzuku. Makanisa yanajibu kuwa fedha hizo hazijengi madhabahu. Zinamhudumia mgonjwa na mwanafunzi bila kumbagua.

Upande wa pili nao haukuachwa mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005, kiko katika majengo yaliyokuwa ya Shirika la Umeme (TANESCO), yaliyotolewa na Serikali ya Rais Mkapa.

OIC na Mahakama ya Kadhi

Mvutano ulifika Bungeni mwaka 1993, ilipojulikana kuwa Zanzibar imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC). Bunge liliona kuwa hatua hiyo inakiuka Katiba, na Zanzibar ikajitoa mwaka huohuo. Wabunge waliojulikana kama G55 walidai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Hivyo suala la dini likageuka kuwa suala la Muungano.

Suala la Mahakama ya Kadhi limedumu zaidi. Mahakama hizo zilikuwapo Tanzania Bara wakati wa ukoloni na zikafutwa baada ya Uhuru. Zanzibar bado zinazo, na Kenya imezitambua katika Katiba yake ya mwaka 2010. Ilani ya Uchaguzi ya CCM ya mwaka 2005 iliahidi kulipatia suala hilo ufumbuzi. Mwanzoni mwa mwaka 2015 Serikali ilipeleka Bungeni muswada wa kutambua maamuzi ya Kadhi, kisha ikauondoa. Machi mwaka huo, jukwaa la viongozi wa makanisa liliupinga na kuwataka waumini waikatae Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015 iliahirishwa, na Katiba hiyo haijapigiwa kura.

Kwa Mwislamu wa Bara, matokeo yake ni kwamba mirathi na talaka hupelekwa katika Mahakama ya Mwanzo, yenye mamlaka ya kutumia sheria ya Kiislamu. Kadhi aliyewekwa na BAKWATA husuluhisha na kushauri, lakini uamuzi wake hauna nguvu ya hukumu ya mahakama.

Mimbari na sanduku la kura

Sura nyingine ya mpaka huu ni sauti ya viongozi wa dini katika siasa. Kuelekea Uchaguzi Mkuu wa 2010, wanataaluma Wakatoliki walitoa waraka wa vipaumbele vya taifa, nao Waislamu wakatoa mwongozo wao. Mgombea wa CHADEMA, Dk. Willibrod Slaa, alikuwa padri na Katibu Mkuu wa TEC kabla ya kuingia katika siasa. Mpinzani wake, Rais Kikwete, ni Mwislamu. Baada ya kuapishwa, Kikwete alionya kuhusu ufa wa udini.

Onyo hilo halikuwa la bure. Oktoba 2012 makanisa yalishambuliwa Mbagala, Dar es Salaam, baada ya mtoto kudaiwa kuikojolea Kurani. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja uligharimu maisha ya mchungaji.

Kagera nayo imeonja mvutano kati ya mimbari na dola. Mwaka 2017, Askofu Severine Niwemugizi wa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara aliitwa na Idara ya Uhamiaji kuhojiwa uraia wake, baada ya kutaka hadharani mchakato wa Katiba mpya ufufuliwe. Mwaka 2018 maaskofu wa Katoliki na wa KKKT walitoa nyaraka kuhusu hali ya demokrasia, na Agosti 2023 TEC ilipinga mkataba wa bandari na kampuni ya DP World ya Dubai. Juni 2025 Kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa mbunge wa CCM, lilifutiwa usajili baada ya kiongozi huyo kukemea utekaji wa watu.

Tofauti na Marekani

Marekani iliandika katika Katiba yake mwaka 1791 kuwa Bunge halitaanzisha dini ya taifa, na mwaka 1802 Rais Thomas Jefferson akalifananisha hilo na ukuta kati ya kanisa na dola. Mahakama Kuu ilipozuia sala rasmi katika shule za umma mwaka 1962 na kuruhusu utoaji mimba mwaka 1973, Wakristo wahafidhina walijipanga kisiasa. Mchungaji Jerry Falwell aliunda Moral Majority mwaka 1979, na nguvu ya kundi hilo ndani ya chama cha Republican ilichangia kuteuliwa kwa majaji waliofuta uamuzi wa utoaji mimba mwaka 2022.

Huko mabishano ni kati ya wanaotaka sheria ifuate maadili ya imani yao na wanaotaka dini ibaki nje ya sheria. Tanzania haina kundi kubwa la namna hiyo ya pili. Ina imani mbili kubwa, na kila moja huikumbuka kauli ya Serikali kutokuwa na dini pale nyenzake inapoomba kitu: makanisa huitaja yakipinga Mahakama ya Kadhi, Waislamu huitaja wakihoji mkataba wa 1992, na watawala huitaja maaskofu wanapowakosoa.

Kwa sababu hiyo, mpaka haukuwekwa na ibara za Katiba peke yake. Umekuwa ukisogezwa kwa mazungumzo, na mara nyingine kwa ugomvi, huku mgonjwa wa Kyerwa na wa Karagwe akiendelea kutibiwa katika wodi ambayo Kanisa na Hazina vinaigharamia kwa pamoja.