Kwa nini baadhi ya jeni hunakiliwa mwisho?

Kabla seli yako haijagawanyika, lazima inakili DNA yake yote. Kwa seli ya binadamu kazi hiyo huchukua takribani saa 8, na haifanyiki kwa mkupuo mmoja. Kuna vipande vinavyonakiliwa mwanzoni kabisa, na vingine husubiri hadi kazi inakaribia kuisha. Je, foleni hiyo ina maana yoyote?

Twende mwaka 1960. J. Herbert Taylor, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alizipa seli za hamsta wa China thaimidini, mojawapo ya malighafi za DNA, yenye haidrojeni ya mionzi. Kisha akazifunika kromosomu kwa utando kama ule wa filamu za picha. Penye DNA mpya mionzi iliacha vidoti vyeusi. Ukizipa seli malighafi hiyo zikiwa zinakaribia kumaliza, vidoti vitatokea kwenye sehemu zinazochelewa tu. Na katika seli za jike, kumbe kromosomu moja ya X kati ya mbili ilichelewa yote!

Mwaka uliofuata Mary Lyon, kule Uingereza, alitazama rangi za manyoya ya panya jike na kupendekeza kwamba katika kila seli X moja huzimwa. Haikuchukua muda watu kuunganisha mambo haya mawili: X inayochelewa ndiyo iliyozimwa.

Sawa, lakini hiyo ni kromosomu nzima. Vipi kuhusu jeni mojamoja? Hapa ndipo, kwa maoni yangu, hadithi inanoga. Mwaka 1984 Michael Goldman na wenzake walionyesha kwamba jeni za kazi za kila siku, zile ambazo kila seli inazihitaji, hunakiliwa mapema. Jeni za kazi maalumu hutegemea seli iliyozibeba: mapema pale zinapotumika, mara nyingi mwisho pale zisipotumika. Chukua jeni ya beta-globini, inayosaidia kutengeneza himoglobini. Kwenye seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu za damu inawahi; kwenye seli nyingi nyingine inachelewa. DNA ni ileile, ila ratiba ni tofauti.

Usikimbilie kuifanya sheria, maana mwaka 2001 vipimo vya jenomu nzima ya hamira havikuona uhusiano wa wazi kati ya ratiba na utendaji wa jeni. Mwaka 2002, kwenye nzi wa matunda, uhusiano ukaonekana. Hata kwetu sisi zipo jeni zinazofanya kazi vizuri tu ingawa zinachelewa.

Basi kipi kinaanza, ratiba au utendaji? Mwaka huohuo wa 2002 kundi la Howard Cedar, Jerusalem, lilidunga DNA ileile ndani ya viini vya seli kwa nyakati mbili. Iliyoingia mapema ilifungwa kwenye histoni zenye vikundi vya asetili, yaani katika hali inayoruhusu jeni kusomwa. Iliyoingia mwishoni ilifungwa kwenye histoni zisizo navyo. Kwa hiyo muda wenyewe unachangia namna DNA inavyofungashwa.

David Gilbert, aliyekuja kushika uprofesa wenye jina la Taylor huko Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, alilifuatilia jambo hili kwa jenomu nzima. Mwaka 2008 kundi lake lilipima seli shina za panya zikigeuka kuwa seli tangulizi za neva: takribani asilimia 20 ya jenomu ilibadili ratiba, tena kwa maeneo makubwa, siyo jeni mojamoja.

Mwaka 2021 wakaivuruga ratiba makusudi. Waliondoa protini iitwayo RIF1 katika seli za binadamu, na nyakati za kunakili zikachanganyikana. Seli zilipoendelea kunakili DNA katika hali hiyo, alama za kikemikali juu ya histoni zikaanza kuhama mahali pake.