Punda 19 waliowagombanisha New Mexico na Washington

Juni 17, 2026, inatimia miaka 50 tangu Mahakama ya Juu ya Marekani imalize ugomvi ulioanza kwa punda kula chakula cha ng'ombe. Mawakili wanaikumbuka kesi hiyo kwa jina la waziri wa wakati huo, Thomas Kleppe. Punda wamesahauliwa, ilhali bila wao kusingekuwa na kesi.

Asili yao ni Afrika. Wahispania waliwavusha bahari, wachimba madini wakawabebesha mizigo, na machimbo yalipokauka wakawatelekeza jangwani. Kuanzia 1950 Velma Johnston, karani wa Nevada, aliwapigania farasi-mwitu waliokuwa wakisakwa kwa ndege na malori ili wachinjwe. Juhudi zake zikazaa sheria ya Desemba 15, 1971, iliyowalinda farasi na punda wote wasio na mwenyewe katika ardhi ya umma.

Ilikuwa bado mpya mfugaji mmoja wa New Mexico alipoionja. Alikuwa na kibali cha kulisha ng'ombe kwenye ekari 8,000 za umma karibu na kisima cha Taylor Well. Februari 1974 akakuta punda wamejikalia kisimani, wanawasumbua ng'ombe wake na kula chakula alichowawekea. Maofisa wa ardhi wa serikali kuu walikataa kuwaondoa. Akaiendea Bodi ya Mifugo ya jimbo, nayo, kwa sheria ya mifugo iliyopotea, ikakamata punda 19 wasio na alama. Februari 18 wakanadiwa.

Washington ilidai punda wake. Jimbo likakimbilia mahakamani, likidai kuwa wanyama wa porini si mali ya serikali kuu, likashinda kwanza. Lakini hukumu ya mwisho, ambayo ndiyo chanzo changu kikuu, inaonyesha kuwa kila punda alikamatwa ndani ya ardhi ya umma na, kama mkurugenzi wa Bodi mwenyewe alivyokiri, alikuwa wa mwituni. Majaji wote wakaipa serikali kuu ushindi: mwenye ardhi ana mamlaka pia ya kuwalinda wanyama waishio humo.

Aliyeiandika hukumu hiyo ni Jaji Thurgood Marshall. Wakenya wanalo la kumkumbukia: mwaka 1960, kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London, ndiye aliyewaandalia wajumbe wa Kiafrika rasimu ya haki za raia, ikiwemo haki ya kumiliki mali. Ardhi ni ya nani na nani aiamulie, hayo hayakuwa mageni kwake.

Ulikuja pia mpango wa kuwagawia raia farasi na punda hao wa mwituni wawafuge. Leo farasi na punda zaidi ya 70,000 wanazurura katika ardhi ya umma, wakati serikali inalenga wasizidi 26,000 hivi. Wengine zaidi ya 60,000 wamefungiwa kwenye mazizi na mashamba ya kukodi, na mwaka 2023 kuwatunza hao peke yao kuligharimu zaidi ya dola milioni 100.