Ndege ya Majini na Ndege Amfibia

Ndege yoyote inayotua majini tumezoea kuiita ndege ya majini, na jina hilo linatosha mpaka pale inapobidi kupanda ufukweni. Mwaka 1949 na 1950, ndege aina ya Solent za shirika la ndege la Uingereza, BOAC, zenye injini nne, zilikuwa zikitua Cape Maclear, kusini mwa Ziwa Nyasa. Tumbo la Solent liliundwa kama la boti, bila magurudumu ya kutua nayo. Ghuba ya Mbamba Bay, ziwa likitulia, ingeipokea. Uwanja wa ndege wa Songea ungeivunja. Catalina PBY-5A, iliyoanza kuruka mwaka 1939, nayo ilikuwa na tumbo la boti, lakini ubavuni na puani ilikunja magurudumu. Hizi ni sifa mbili tofauti, kwa hiyo zinastahili majina mawili: Solent ni ndegeboti, Catalina hiyo ni ndege amfibia.

Atakayesema huku ni kupasua unywele atazame vipimo. Mabawa ya Catalina yalikuwa mita 31.7 ncha hadi ncha, injini zake mbili zilikuwa na nguvu farasi 1,200 kila moja, na uzito wa juu wa kuruka ulikuwa tani 16 hivi. Ndani ya kikomo hicho, kila kilo ya magurudumu na mitambo yake ilipunguza nafasi ya mafuta au mzigo. Uwezo wa kutua nchi kavu ulilipiwa kwa umbali wa safari, na istilahi isiyouonyesha ni pungufu. Mwingine atadai kwamba hata ndegeboti hufungwa magurudumu na kuvutwa ufukweni. Ni kweli, lakini kuvutwa si kutua. Ni kama meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyoshambuliwa Agosti 1914 huko Liuli, kwenye Ziwa Nyasa, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo; kuwa juu ya ardhi hakukuifanya chombo cha ardhini, kulizidi kuinyima pa kukimbilia.

Limebaki pingamizi la lugha: kwa nini tukope “amfibia” ilhali tunaweza kusema ndege ya majini na nchi kavu? Maneno hayo yanafaa kufafanua, lakini ni marefu mno kuwa jina la kila siku. Amfibia tayari limo katika masomo ya sayansi, na mwanafunzi wa Mbinga aliyefundishwa habari za chura hahitaji kuanza upya. Tofauti moja tu aelezwe: chura hukua kutoka majini kwenda nchi kavu, ndege hii huzaliwa na tumbo la boti na magurudumu kwa pamoja.