Shindano la ubunifu (ununuzi wa umma)

Njia ya zabuni ambapo serikali hutangaza tatizo badala ya kutaja kifaa, kisha jopo hupima majibu na kumpa mshindi tuzo au mkataba. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ununuzi wa umma huongozwa na Sheria Na. 10/010 ya 27 Aprili 2010. Njia hii inaifaa sana Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba: Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2018 hulipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na mamlaka za mitaa asilimia 15, fedha zinazoweza kugharimia tuzo. Tatizo nalo lipo: malori ya madini yakipita, vumbi hutua kwenye nguo zilizoanikwa. Zabuni ya magari ya kumwaga maji huwaita wauza magari tu; swali la kuondoa vumbi humwita hata fundi wa mtaa wa Kasulo mjini humo. Wakazi wanaolivuta vumbi hilo wawemo kwenye jopo.