Miaka 10 bila Prince: Historia ya kikaratasi kilichobandikwa kwenye kaseti

Aprili 21, 2026 inatimia miaka 10 tangu Prince Rogers Nelson alipofariki dunia ndani ya jengo lake la Paisley Park, Chanhassen, nje kidogo ya Minneapolis katika jimbo la Minnesota, Marekani. Mashabiki wanamkumbuka kwa gitaa, viatu vya kisigino kirefu na rangi ya zambarau. Warithi wake wanakumbuka jambo jingine: ugomvi wa kanda. Hakuacha wosia, lakini aliacha chumba chenye mlango wa chuma kama wa benki, kimejaa kanda za muziki ambao ulimwengu haukuwa umeusikia.

Kanda haijisemei yenyewe. Ukiishika mkononi huwezi kujua kama ndani yake kuna wimbo, maombi ya mama au ukimya wa dakika 45. Kinachosema ni kikaratasi kilichobandikwa juu yake. Ajabu ni kwamba miji pacha ya Minneapolis na St. Paul ilikuwa na mkono katika karibu kila kitu kilichohitajika kutengeneza kikaratasi hicho na kaseti yake: gundi, utepe, kompyuta ya nyumbani na programu ya kuchapishia.

Tuanze na gundi. Kampuni ya 3M ilianzishwa mwaka 1902 huko Two Harbors, Minnesota, na watu waliotaka kuchimba madini ya kutengenezea msasa. Madini yenyewe yakaonekana hayafai. Kampuni ikahamia Duluth, kisha mwaka 1910 ikatua St. Paul, na ikawa imejifunza kazi moja kwa shida: kupaka chembechembe juu ya karatasi kwa gundi zisibanduke. Mwaka 1925 mfanyakazi wake, Richard Drew, alibuni utepe wa karatasi wa kuwasaidia wapaka rangi za magari, na mwaka 1930 akaleta ule wa kung'aa ambao leo kila duka la vitabu linauza kwa jina la selotepu. Lebo ya kubandua na kubandika ilianzia kwingine, kwa Stan Avery wa Los Angeles mwaka 1935, ila elimu ni ileile: gundi inayoshika kwa kukandamizwa tu, bila kulowanishwa maji.

Utepe wa sauti ulizaliwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwanajeshi wa Marekani, Jack Mullin, alirudi kwao na mashine za Kijerumani, na mwimbaji Bing Crosby akavutiwa, kwa kuwa alikuwa amechoka kufanya vipindi vya redio moja kwa moja. Kulihitajika mtu wa kutengeneza utepe wenyewe. 3M ilikuwa tayari. Mwaka 1947 ikaanza kuuza utepe wa sumaku kwa jina la Scotch. Kupaka unga wa kutu ya chuma juu ya plastiki ni kazi ya msasa, isipokuwa unga wake ni mwembamba mno.

Hatua zilizofuata zinajulikana. Philips ya Uholanzi ilitoa kaseti mwaka 1963, Sony ikaleta Walkman mwaka 1979, na muziki ukahamia mfukoni. Mwaka 1978 studio ya Sound 80 ya Minneapolis ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kurekodi kidijitali, kwa mashine ya 3M hiyohiyo.

Kaseti ilileta uhuru na ikaleta fujo. Kila mtu akawa mrekodi. Pwani ya Afrika Mashariki tunaijua hali hiyo: Mbwana Radio Service ya Mombasa ilisambaza taarab kwa kaseti, mawaidha ya mashehe yakapita mkono kwa mkono, na harusi haikuwa harusi bila mtu aliyekaa karibu na spika na redio kaseti yake. Majina yaliandikwa kwa kalamu ya Bic, kalamu ileile iliyotumika kuuzungusha utepe uliolegea. Wino ukafifia, na mwenye mwandiko akahama mtaa.

Minnesota walikuwa na njia nyingine, kwa sababu kompyuta ziliingia kwa watu wa kawaida mapema. Jimbo lilianzisha shirika la MECC mwaka 1973 kupeleka kompyuta mashuleni, na kuanzia mwaka 1978 mashine ya Apple II ikaanza kuingia madarasani kwa wingi. Mtoto aliyejifunza shuleni alitaka ya nyumbani. Mwaka 1982 ikaja Commodore 64 kwa dola 595, na bei ikazidi kushuka. Swali la wazazi likawa lilelile kila nyumba: kitu hiki, mbali na michezo, kinafanya nini?

Kinachapisha. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na kampuni ya huko Minneapolis, Springboard Software ya John Paulson, ililisema kwa sauti. Mwaka 1984 ilitoa programu ya The Newsroom, ambayo kwa sisi wa magazeti inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Mtu alikaa sebuleni akatengeneza gazeti zima: sehemu ya kichwa, sehemu ya picha, meza ya kuandikia habari, meza ya kupanga kurasa, na hata sehemu ya kupeleka kurasa kwa njia ya simu kwenda kompyuta ya aina nyingine kabisa. Ilikuja na michoro zaidi ya 600 ya kubandika. Mwaka huohuo kampuni ya Brøderbund ya California ilitoa The Print Shop, iliyochapisha kadi na mabango. Programu hizo mbili hazikutengenezwa kwa ajili ya kaseti, lakini zilimfundisha mtu wa nyumbani kwamba karatasi inayotoka kwake inaweza kuwa na sura ya kiwandani.

Lebo ya kaseti ilihitaji programu ndogo zaidi, na wengi waliiandika wenyewe kwa lugha ya BASIC. Ilikuwa ya mistari michache. Iliuliza jina la mwimbaji, jina la albamu, nyimbo za upande A na za upande B, kisha ikageukia printa. Kwenye Apple II uliandika PR#1, na kuanzia hapo kila kilichopaswa kutokea kwenye skrini kilikwenda kwenye karatasi. Kwenye Commodore ulifungua njia kwa OPEN 4,4, kisha ukatuma maneno kwa PRINT#4.

Ugumu ulikuwa kwenye vipimo. Lebo ya kaseti ina upana wa milimita kama 89 na kimo cha 42, na dirisha la katikati linakula nafasi. Printa ya sindano 9, kama Epson MX-80 ya mwaka 1980, huandika herufi 10 kwa kila inchi. Hapo unapata herufi 35 kwa mstari, na jina refu la wimbo linakatwa shingo. Dawa ilikuwa kuipelekea printa msimbo namba 15, CHR$(15), ibane herufi hadi 17 kwa inchi. Sasa zikaingia kama 60, ndogo lakini zinasomeka. Orodha ndefu ya nyimbo ilikwenda kwenye kikaratasi cha ndani ya kava, chenye upana wa inchi 4, kinachokunjwa mara mbili ili ukingo wake usomeke kaseti ikiwa imepangwa rafuni.

Lebo zenyewe zilikuja zimebandikwa kwenye karatasi ndefu yenye matundu pembeni, na meno ya printa yakaivuta. Sharti lilikuwa moja: usirudishe karatasi nyuma kwa mkono. Ukirudisha, lebo inabanduka ndani ya mashine na kujiviringisha kwenye roli, na siku yako imeishia kukwangua gundi kwa ukucha. Na kuna kichekesho kingine cha zama zile: mwenye Commodore asiye na pesa ya diski aliihifadhi programu yake ya kuchapa lebo za kaseti kwenye kaseti. Nayo ilihitaji lebo.

Turudi Paisley Park, maana ndiko thamani ya lebo inakoonekana kwa fedha.

Aliyeanza kukusanya kanda za Prince ni mwanamke, fundi wa sauti Susan Rogers, aliyejiunga naye mwaka 1983. Amesimulia mara kadhaa kwamba alipofika alikuta kanda zimetawanyika, nyingine zimebaki kwenye studio za watu. Akaanza kupiga simu studio moja baada ya nyingine kuuliza kama wana chochote cha Prince, na kuvirudisha nyumbani. Alitaka kila alichowahi kurekodi mtu huyo kiwe mahali pamoja na kijulikane. Alipoondoka mwaka 1987, mwaka ambao Paisley Park ilifunguliwa, chumba kilikuwa karibu kujaa. Kwa miaka minne binti huyo alifanya kazi ambayo taasisi nzima hushindwa kuifanya.

Prince alipofariki, mlango ulilazimika kutobolewa kwa keekee kwa kuwa aliyejua namba za kuufungua ni yeye peke yake. Mahakama ya Kaunti ya Carver ikawatambua ndugu zake sita kuwa warithi. Usimamizi wa mirathi ulitoka Bremer Trust ukaenda benki ya Comerica mwanzoni mwa 2017, na hapo moto ukawaka. Comerica ilihamisha kanda kutoka Minnesota na kuzipeleka Los Angeles, kwenye hifadhi ya kampuni ya Iron Mountain. Baadhi ya warithi, wakiwamo Sharon, Norrine na John Nelson, walikwenda mahakamani kulalamika kwamba mali imeondolewa bila wao kushirikishwa ipasavyo. Benki ikajibu kwamba Paisley Park hapakuwa mahali pa kufaa kuhifadhi vitu vya thamani hiyo, na kwamba warithi walikuwa na habari.

Wanaolaumu wana haki yao. Kanda za mtoto wa Minnesota, nyingi alizorekodi hukohuko kwao, zimehamishiwa California baada ya yeye kufumba macho. Lakini wanaotetea nao wana la kusema: unyevu haujui uzalendo, na utepe ukiota ukungu hauna mrithi.

Kazi ya kupitia kanda hizo moja moja ilimwangukia mhifadhi nyaraka Michael Howe. Na katika lundo lote lile la kanda kubwa za studio, albamu ya kwanza kubwa kutoka humo ilitokana na kaseti moja ya kawaida. Prince aliirekodi mwaka 1983 nyumbani kwake, Kiowa Trail, Chanhassen, akiwa na piano na kipaza sauti tu. Ilitoka Septemba 21, 2018 kwa jina la Piano & a Microphone 1983: nyimbo 9, dakika kama 35. Mwongozaji filamu Spike Lee alitumia mmoja wa nyimbo hizo kufungia filamu yake ya BlacKkKlansman. Mwaka 2022, mirathi ilipogawanywa hatimaye, thamani yake ilikuwa imekubaliwa kuwa dola milioni 156.4. Jina jema hung'ara gizani, lakini kaseti isiyo na jina hubaki gizani, hata iwe ya Prince.

Bendi nyingine ya Minneapolis, The Replacements, ilikuwa na uhusiano wa vurugu zaidi na kanda. Mwaka 1984 watu wao walimnyang'anya mtu kaseti aliyokuwa akiwarekodi kwa siri huko Oklahoma City, na mwaka uliofuata kampuni yao ya Twin/Tone ikaitoa kuwa albamu rasmi, kwa kaseti pekee. Jina lake ni la matusi, gazeti hili haliwezi kulichapa. Mwaka 1987, kwa mujibu wa mwandishi Bob Mehr, wanabendi walichukua kanda kutoka ofisi za kampuni hiyohiyo na kuzitupa Mto Mississippi. Bahati nzuri, zilizozama hazikuwa zote.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwishoni mwa 1995, 3M ilitangaza kuacha kutengeneza kanda za sauti na video, na 1996 biashara yake ya kuhifadhi data ikawa kampuni ya Imation. Gundi iliendelea. Springboard ilimezwa na kampuni nyingine, MECC ikauzwa kisha ikafungwa mwaka 1999. Taasisi ya Charles Babbage ya Chuo Kikuu cha Minnesota inatunza nyaraka za kampuni za kompyuta, na hilo ni jema. Lakini lebo za sebuleni hazimo katika hesabu za wakubwa, na zinatupwa pamoja na makasha ya viatu zilimokaa.

Na hapa habari hii inatugusa sisi. Mtaa wa Cedar-Riverside, Minneapolis, tangu miaka ya 1990 ni kitovu cha Wasomali, watu waliotumia kaseti kama barua na kama kitabu cha mashairi. Kwao, katika mji wa Hargeisa, kanda zilifukiwa ardhini zisiharibiwe na mabomu ya vita vya 1988, na leo taasisi ya Redsea Cultural Foundation ina zaidi ya 10,000. Dar es Salaam nayo ina kanda za iliyokuwa Radio Tanzania. Tunapenda kuzungumzia mashine za kuzigeuza kuwa za kidijitali, tuombe wafadhili, tufanye semina. Mashine za kusomea kaseti bado zinapatikana sokoni. Mtu anayetambua sauti ya nani inaimba, kwenye harusi ya nani, mwaka gani, hapatikani dukani, na umri wake umekwenda. Akae na kaseti zake wiki hii, na mjukuu aandike: nani, wapi, lini. Programu si lazima, penseli inatosha.